Sikio la Clive Holroyd

Kabla sijasema lolote kuhusu Clive Holroyd, niseme kwanza kwamba nampenda, maana huko mbele nitamsema, na watu wa Harclough, mji wetu huu mdogo wa Yorkshire, hawana desturi ya kusema watu. Wao wakikuona umevaa viatu viwili tofauti, watakuzungumzia mvua. Nimekaa nao miaka thelathini na sita tangu nitoke kwetu Magila, nimekuwa mkunga wao, nusu ya watoto wa bonde hili wamepita mikononi mwangu, na bado nyuso zao hunichanganya. Basi acha niseme.

Clive alizaliwa hapa hapa, nyumba ya tatu chini ya kiwanda cha mazulia, baba yake fundi wa mabasi. Alipofika miaka minane mama yake alimpeleka kwenye kwaya ya kanisa, wala si kwa ucha Mungu. Kanisa lilikuwa na joto na nyumba yao haikuwa nalo. Huko ndiko walikogundua ana sikio. Ukigonga sufuria, Clive anakutajia noti. Ukipiga honi, anakutajia noti. Derek Murgatroyd, besi wetu mkongwe ambaye zamani alifanya kazi gereji moja na baba yake, husimulia walivyokuwa wakimwita yule mtoto aje asikilize injini. Anasimama, anainamisha kichwa, anasema, "Jana ilikuwa juu kidogo." Na kweli, wakifungua wanakuta kitu kimelegea.

Sikio hilo ndilo lililomtoa. Lilimpeleka shule ya watoto wa wenye nazo bila baba yake kuuza hata baiskeli, likampeleka chuo kikuu akaimbe kanisani kwao, kisha likamrudisha Harclough na shahada na skafu ndefu. Akafundisha muziki sekondari miaka ishirini na saba. Jioni aliongoza kwaya yetu, Jumapili alitunga. Mtu akisikia neno mtunzi anafikiria nywele za kusimama na mtu anayepiga piano kwa hasira. Clive hutunga akipiga pasi. Mashati yake, magauni ya mkewe Hilary, mashuka, hadi taulo za jikoni ambazo hakuna mwenye akili timamu anayezipiga pasi. Piano haigusi. Anasikia kila kitu kichwani, sauti nne, sauti nane, anaweka pasi kando, anaandika kwa penseli palepale, anaendelea na kola. Hilary aliniambia hajashika pasi tangu harusi yao, na kwamba akikuta shuka limeungua anajua wimbo umefika pagumu.

Nyimbo zenyewe ni fupi. Za harusi, za mazishi, za kufunga shule. Zimechapwa vijitabu vyembamba na zinaimbwa Kanada na Japani na watu wasiojua hata kulitamka jina la mji wetu. Lakini kubwa hakuwa nayo. Wenzake wa chuoni walikuwa wakisikika redioni kila Krismasi, yeye alikuwa akituambia sisi tusitafune peremende tukiimba. Hakulalamika hata siku moja. Ila mimi ni mkunga, uso wa mtu anayengoja naujua.

Alikuwa na miaka hamsini na minane barua ilipokuja. Kanisa kuu la mjini lilikuwa likiandaa tamasha la kwaya la kiangazi. Walimtaka atunge kazi ya dakika ishirini na tatu, aiongoze mwenyewe, tena kwa kwaya yake ya nyumbani, na redio itairusha moja kwa moja. Alitusomea barua hiyo kwenye mazoezi, akiwa amesimama karibu na meza ya biskuti. Sisi kwa furaha yetu tulipiga makofi mawili matatu, kisha mtu akauliza kama maegesho ya magari huko mjini ni ya bure.

Maneno ya wimbo aliyachukua kwenye mawe ya makaburi ya kanisa letu dogo. Wafumaji, watoto waliokufa kwa homa, mke wa tatu wa mtu fulani ambaye jiwe lake linasema tu: "Alichoka, akapumzika." Dakika tisa za mwanzo kwaya inaimba peke yake, bila chombo chochote. Kisha, kwenye neno "amka", kinanda kikubwa cha mabomba cha kanisa kuu kinaingia kwa nguvu zake zote, na hapo kwaya na kinanda lazima viwe noti ileile. Wimbo mzima umening'inia hapo. Mkikutana na kinanda, watu wanasisimka mwili. Msipokutana nacho, ni aibu, tena aibu ya redioni.

Sasa, kwaya ya watu wa kawaida ikiimba bila chombo hushuka. Mnaanzia mahali, mnamalizia chini kidogo, na hakuna anayejua nani kaanza kushuka. Soprano wanalaumu tenori, tenori wanalaumu besi, besi wanalaumu baridi. Hiyo ndiyo dhambi yetu ya asili, na Clive alikuwa ameitolea jasho miaka thelathini na moja. Kwa hiyo siku ya kwanza tulipofika kwenye "amka" na piano ya kanisa letu ikapigwa badala ya kinanda, ukasikika mlio kama mlango uliobana mkia wa paka, kila mtu aliangalia viatu vyake. Tulijua ni sisi.

"Hapana, hapana," Clive akasema. "Ninyi mko sawa. Leo mko sawa kabisa! Piano ndiyo imepanda."

Tulitazamana. Tangu nimjue hakuwahi kutuambia tuko sawa kabisa. Sifa hiyo tulikuwa tumeingoja muda mrefu mno kiasi cha kutoihoji, tukaipokea na kwenda nayo nyumbani.

Stanley Utley, fundi wa kurekebisha piano, aliitwa. Akaipima, akasema haina tatizo. Wiki iliyofuata akaitwa tena. Mara ya tatu mimi nilikuwepo, napanga viti, nikasikia kwa masikio yangu.

"Clive, piano iko sawa."

"Iko juu, Stanley."

"Nimeipima kwa mashine."

"Basi mashine iko juu."

"Na hiki kichuma cha marehemu baba yangu?" Stanley akakitoa mfukoni, kile kichuma cha kupimia sauti chenye meno mawili, akakigonga gotini. "Nacho kimepanda? Kichuma hakiumuki, Clive. Si mkate."

"Mimi nina sikio," Clive akasema taratibu. "Wewe una kichuma."

Stanley akafunga mkoba wake, akaondoka bila kumaliza chai. Walikuwa marafiki miaka ishirini na miwili. Kuacha chai nusu kikombe huku kwetu ni sawa na kurusha kiti.

Halafu yakaanza mambo ambayo sikuyaelewa. Soprano wakawa na furaha. Ile noti ya juu ya ukurasa wa nne, iliyokuwa ikiwatoa mishipa ya shingo, ikawa inafikika. Sandra, kiongozi wao, alisema ni tangawizi na limau anazokunywa asubuhi, na soprano wote wakaanza kunywa tangawizi na limau. Mimi naimba alto ya pili, sauti ya chini kabisa ya wanawake, na kwangu mambo yalikuwa kinyume. Noti zangu za chini ziligeuka kuwa mngurumo. Nikajiambia ni mafua. Na Derek, maskini, wakati wa mapumziko alinivuta pembeni ya birika.

"Mpenzi," akaniambia. Derek humwita kila mtu mpenzi, hata dereva wa basi. "Nadhani safari yangu imekaribia."

"Safari gani?"

"Ile noti ya chini kabisa, ukurasa wa saba. Noti kama ile naiimba tangu nina miaka kumi na tisa. Sasa nikiifuata naishia kukohoa."

"Una miaka sabini na tisa, Derek."

"Mtu akizeeka sauti inashuka, mpenzi, haipandi! Mke wangu siku hizi akipokea simu wanamwita bwana. Mimi ndiyo ningekuwa nazama mpaka chini ya sakafu. Hapana, hii ni dalili. Nimeshaandika nani achukue njiwa wangu."

Nilimcheka, lakini nilirudi nyumbani nikiwa sielewi. Kila mtu alikuwa na ugonjwa wake au dawa yake, kila mtu ameufunga kwenye leso yake mwenyewe. Hakuna aliyeviweka pamoja. Nikaanza kufanya jambo la kijinga. Noti ile ya kuanzia ambayo Clive hutupatia kwa kuiimba taratibu mdomo ukiwa umefungwa, nilitoka nayo kwenye mazoezi, nikapanda nayo mlima nikiivumisha puani, nikipita watu bila kuwasalimu, mpaka sebuleni, na pale nikabonyeza piano ya plastiki ya mjukuu wangu. Haikuwa noti iliyoandikwa. Ilikuwa ya chini yake, nusu hatua kamili, ile kutoka kitufe kimoja hadi jirani yake.

Nikasema nimeiangusha njiani. Wiki iliyofuata nikairekodi kwa simu. Nusu hatua. Wiki ya tatu, nusu hatua. Clive alikuwa akituanzishia chini. Sisi, kwa mara ya kwanza tangu kwaya iundwe, hatukuwa tukishuka hata kidogo. Tulikuwa tukiimba vizuri kuliko wakati wowote, mahali pasipo penyewe.

Je, nilisema? Sikusema. Mimi huyu. Maana nilijiuliza, ni nani mkweli hapa, Clive Holroyd au piano ya plastiki yenye picha ya dubu? Mtu ambaye amekuambia miaka yote kipi ni sawa na kipi si sawa, unamwambiaje kwamba yeye ndiye si sawa? Nilikwenda kwa Hilary badala yake. Nilimkuta bustanini akikata waridi.

"Ameniambia kengele ya mlango imebadilishwa," Hilary akasema kabla sijamaliza. "Mwezi wa pili huo. Halafu maikrowevu. Halafu akasema kengele za kanisa wamezigusa."

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilisema labda."

"Hilary! Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Baada ya tamasha, Foibe. Ameingoja barua ile maisha yake yote. Nikimwambia sasa ataacha." Akanipa ua moja lenye wadudu. "Unakunywa chai?"

Nilikunywa chai. Nina hasira nayo mpaka leo, chai ile.

Jumamosi ya tamasha tulifika kanisa kuu saa nane mchana kwa mazoezi ya mwisho. Onyesho lilikuwa saa kumi na mbili. Mpiga kinanda alikuwa Imogen Pask, msichana wa miaka ishirini na sita mwenye viatu maalumu vya kukanyagia vibao vya kinanda na tabia ya kusema anachofikiri, jambo lililowatisha wazee wetu. Akapanda kwenye roshani yake. Clive akatupatia noti, tukaanza. Niseme ukweli, tuliimba kama malaika. Dakika tisa mawe yalitusikiliza. "Amka!" tukaimba, na kinanda kikaingia.

Ya piano ya kanisani ilikuwa mkia wa paka. Hii ilikuwa kama majengo mawili yamegongana. Sandra alifunika masikio.

Clive akasimamisha kwa mikono yote miwili. "Imogen, kinanda hiki kiko juu."

Imogen akachungulia kutoka roshani. "Kilirekebishwa juzi, Bwana Holroyd. Kwa ajili ya redio."

"Basi umeingia mahali pengine."

"Nimeingia ulipoandika. Nikuletee karatasi?"

Akashuka nazo, ngazi zote zile. Clive akazitazama, akageuka kwetu, na nikaona jinsi alivyokuwa akitafuta pa kushika. "Basi mmeshuka," akasema. "Nilidhani mko sawa. Kumbe mmeshuka."

Tulikuwa tayari kuibeba lawama hiyo, kama kawaida yetu. Kisha mkono ukainuka kwenye safu ya nyuma.

"Hatukushuka, kijana," Derek akasema.

"Derek, tafadhali."

"Sikiliza. Nimeshuka na kwaya hii miaka hamsini, kushuka nakujua. Leo hatukushuka. Tulipoanzia ndipo tulipomalizia. Tumefika palepale ulipotuanzishia." Akameza mate. "Tatizo ni hapo ulipotuanzishia."

Imogen akamsogelea Clive. "Bwana Holroyd, una miaka mingapi?"

Watu wakavuta pumzi. Hilary, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, akafumba macho.

"Hamsini na minane. Kwa nini?"

"Mwalimu wangu alikuwa na sikio kama lako. Alipopita hamsini na tano hivi, kila kitu kikaanza kupanda. Kinanda, redio, ndege wa bustanini. Alipigana na mafundi watatu. Halafu daktari akamwambia ni sikio lenyewe limezeeka, linasikia kila kitu juu kuliko kilivyo. Si ugonjwa. Huwapata wengi wa aina yenu."

"Si mimi."

"Sawa. Geuka utazame ukutani."

Akapanda tena ngazi. Clive akageuka ukutani, mtu mzima, mbele ya kwaya yake. Kinanda kikatoa noti moja ndefu.

"B bemoli," Clive akasema haraka, akiitaja noti iliyo nusu hatua juu ya A.

"Ni A," sauti ikatoka juu.

"Piga A, basi."

"Hiyo ndiyo A, Bwana Holroyd. Hiyo unayoisikia."

Akabaki ameutazama ukuta. Alipogeuka alikuwa na uso wa mtu aliyerudi kwake akakuta kufuli limebadilishwa. Akaketi kwenye ngazi za madhabahu. "Stanley," akasema. "Nilimwambia mashine yake iko juu." Na kisha, "Mwalimu wako, lilimrudia?"

"Hapana," Imogen akasema. "Alizoea."

Niliona haya, na huruma, na hasira ya kunyamaza kwangu, vyote kwa pamoja, nikashindwa kujua kipi ni kipi. Clive akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba hawezi. Mkuu wa muziki wa kanisa kuu aongoze badala yake.

"Hamnielewi," akasema. "Mkianzia mahali sahihi, mimi nasikia wimbo mwingine. Kila noti niliyoiandika nitaisikia imehama. Dakika ishirini na tatu. Nitaongozaje kitu nisichokisikia?"

Hapo nikalipuka. "Clive Holroyd, mikono yako nayo imepanda nusu hatua?"

"Nini?"

"Nauliza mikono. Sisi huwa tunatazama mikono. Masikio yako tumeyaona lini? Yamejaa nywele!"

Derek akacheka mpaka akakohoa. "Na mimi nataka noti yangu ya chini," akasema, "nilishagawa njiwa bure."

Clive hakucheka. Imogen akanishikisha kichuma chake cha kupimia sauti, kwa kuwa mimi nasimama mwisho wa safu ya mbele, hatua mbili kutoka kwa kiongozi. Mpango ukawa hivi: nakigonga gotini, naitafuta noti, namvumishia Clive taratibu, naye anaipitisha kwa kwaya. Kichuma hutoa A tu, na kuhesabu kutoka A hadi noti yetu ya kuanzia si kazi, hesabu hiyo nilifundishwa shule ya misheni Magila nikiwa na soksi nyeupe. Kazi ilikuwa Clive. Alichukua koti lake akatoka nje kwenye jua, na Hilary akamfuata, na kwa saa tatu nzima hakuna aliyejua kama tuna kiongozi.

Alirudi zimebaki dakika kumi. Shati jeusi, nywele amezilowesha. Akapita mbele yangu bila kunitazama.

Kanisa lilikuwa limejaa, hadi nyuma kwenye nguzo. Taa ndogo nyekundu ya redio ikawaka. Clive akainua kichwa. Nikagonga kichuma gotini, nikakiweka sikioni, nikahesabu kushuka, nikamvumishia noti. Aliisikia. Nilijua ameisikia kwa sababu uso wake ulikunjamana kama wa mtoto aliyepewa kwinini. Akafungua midomo aipitishe kwa wenzangu, na mimi niliye hatua mbili nikasikia kilichoanza kumtoka. Ilikuwa ile yake. Ya chini.

Nilitikisa kichwa? Sikumbuki. Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba kwa nukta moja hata mimi sikujua ipi ni ipi. Akanyamaza. Sekunde moja, mbili, tatu, na redioni sekunde tatu ni kaburi. Akanitazama. Kisha akafunga mdomo, na mkono wake wa kushoto akaufungua kuelekea kwangu, kama unavyomkaribisha mtu apite mlangoni kwanza.

Nikavumisha mimi, kwa kwaya nzima, kwa sauti yangu hii ya mkunga mstaafu, inayotetemeka, nchi nzima ikisikiliza. Wakaichukua. Tukaanza.

Sitasema tuliimba kama malaika, maana safari hii nilikuwa nahesabu, kichuma kimeniumiza kiganjani. Ninachojua ni kwamba Clive, ambaye huongoza macho yakiwa yamefumbwa nusu, aliongoza akiwa ameyatoa yote mawili, akiitazama midomo yetu mmoja mmoja kama kiziwi. Ukurasa wa saba Derek aliishukia noti yake na ikawepo. Nilihisi sakafu ikiguna. Na kwenye "amka" kinanda kilipoingia, tulikuta kinatungoja palepale. Mama mmoja mbele alishika kifua. Mwishoni watu walisimama, watu wa Yorkshire, waliosimama bila kuambiwa.

Baadaye kulikuwa na chai na sandwichi za tango kwenye chumba cha nyuma. Askofu alikuwa akimtafuta Clive, mtu wa redio alikuwa akimtafuta. Yeye akanishika mkono wa sweta akanivuta katikati ya makoti yaliyotundikwa.

"Foibe. Ilikuwaje?"

Nilicheka, nikidhani anataka sifa. "Umesikia makofi, bwana wee."

"Makofi nimeyasikia. Nauliza wimbo." Alikuwa amekamata sweta bado. Nimewaona wanaume wakisimama hivyo mlangoni mwa chumba cha kujifungulia, wakiuliza na wakiogopa. "Pale penye 'alichoka, akapumzika'. Alto mnaposhuka peke yenu. Palikuwa pa huzuni, au palitulia? Niliandika patulie. Mimi nimesikia, sijui nimesikia nini. Nimesikia wimbo wa mtu mwingine."

Mimi nilikuwa nimehesabu kutoka mwanzo mpaka mwisho, sikuwa nimesikiliza. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo kama hilo, na yeye kuliko wote. Ningeweza kusema palitulia, angefurahi, tungekwenda kula sandwichi. Badala yake nikafumba macho, palepale kwenye makoti yenye harufu ya mvua, nikamwimbia mstari ule peke yangu, taratibu, kutoka popote sauti iliponitokea.

Alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimshuka, wala hakuyafuta.

"Umeanzia noti gani?" akaniuliza.

"Sijui, Clive."

"Wala mimi," akasema. "Imba tena."